Kihisio Kilichosema Sabini na Mbili

Nilipochomoa waya, nambari haikutingishika. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa pameandikwa unyevu wa hewa, asilimia sabini na mbili, na kihisio chenyewe, chipu ndogo kuliko punje ya mbaazi iliyolehemewa kwenye kibao cha kijani, kilikuwa kiganjani mwangu, hakijaunganishwa na chochote. Nikakipulizia pumzi. Sabini na mbili. Nikakishika juu ya birika la chai linalofuka mvuke. Sabini na mbili. Nikacheka peke yangu pale barazani, kisha kicheko kikaniishia, maana nilikumbuka programu ile imeandikwa na nani.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, kwa sababu hata majirani zangu wa Chake Chake hudhani nikikaa na kompyuta alasiri nzima nasahihisha mitihani.

Ndani kabisa ya programu zinazoendesha kompyuta kuna sehemu tunayoiita kiini. Mtumiaji haioni, lakini ukibonyeza herufi, ukisikiliza mawaidha kwenye simu, ukipiga picha za harusi, kiini ndicho kinachopokea na kugawa. Tatizo ni kwamba kiini hakiwezi kuzijua chipu zote za dunia. Kila chipu ina namna yake ya kuzungumza, kwa hiyo kila chipu huandikiwa kipande cha programu kinachoitwa kiendeshi, ambacho kazi yake ni kupeleka neno na kurudi na jibu. Wanafunzi wangu nawaambia wamfikirie mshenga. Huku nyumba ya mwanamume, kule nyumba ya mwanamke, na katikati mtu mmoja anayetumwa. Mshenga mzuri halipambi neno la watu wala halipunguzi. Akiambiwa "hatujaamua", anarudi na "hawajaamua", hata kama kanzu imelowa jasho kwa mwendo.

Kiini ninachokifanyia kazi ni mali ya kila mtu. Yeyote popote anaweza kupeleka kiendeshi chake, lakini hakiingii mpaka wengine wamekisoma na kukijaribu. Mimi ni mmoja wa wasomaji hao, kwa upande wa vihisio vya joto, unyevu na mgandamizo wa hewa. Yote tunayaandikiana kwa barua pepe za wazi. Ukimsifu mtu, dunia inasoma. Ukimkosoa, dunia inasoma, na barua haifutwi.

Kiendeshi kilichosema sabini na mbili kilikuwa cha mwanamke mmoja ambaye ana duka la kutengeneza simu Wete. Nilimfundisha zamani kidogo, katika mafunzo ya jioni, na tangu hapo mimi ni Mwalimu kwake na yeye kwangu ni Fundi. Mama yake anaishi Gando na anaweka karafuu, na Fundi alitaka kumfungia ghalani kifaa cha kumwambia hewa ya mle ndani ikoje, asije akakuta magunia yameota ukungu. Chipu aliyoipata ilikuwa mpya, haina kiendeshi. Mwingine angetafuta chipu nyingine. Yeye akakaa, katikati ya simu zilizovunjika vioo, akajifunza kuandika.

Toleo lake la pili lilijibiwa na mtunzaji mkuu wa sehemu ile, bwana mmoja wa nchi za mbali, kwa mstari mmoja: "Mpangilio hauko sawa. Rudia." Fundi alinipigia simu hapo hapo.

"Mwalimu, huyu bwana hata salamu hana?"

"Barua anazopokea ni nyingi, Fundi. Hakukusudia ubaya."

"Hata fundi wa jenereta husalimia kwanza, ndiyo akwambie imekufa."

Nilimwomba arudie, na akarudia. Siku aliyopeleka toleo la tatu aliniandikia ujumbe ambao sikuupenda: "Hili la mwisho, Mwalimu. Likirudi tena naacha, nina simu za watu kabatini." Namjua. Si mtu wa kutisha. Akisema anaacha, kesho yake ameacha.

Ndiyo maana nililisoma toleo lile kwa furaha. Lilikuwa zuri kweli. Chipu kama ile haikupi joto tayari kwa nyuzi. Hukupa namba ghafi, na ndani yake kiwandani wameweka namba nyingine za kusahihishia, kila chipu na zake, kama miwani inavyopimwa kwa jicho la mtu. Fundi alikuwa amezisoma namba zile kwa mpangilio uliotulia, hesabu imepangwa safi, hakuna neno la kupoteza. Nilijiona kama mama anayetazama mwanawe anasoma hadharani na hakosei. Kimebaki kitu kimoja, nikasema, nichomoe waya tu kwa desturi, halafu nimwandikie pongezi.

Nikachomoa.

Nilirudi kwenye msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu, na haikunichukua muda kupapata. Palikuwa na mistari michache inayosema hivi: chipu isipojibu, rudisha namba ya mwisho iliyowahi kusomwa. Juu yake Fundi alikuwa ameacha maelezo mafupi: ili mtumiaji asibabaike.

Nilijua pale pale mistari ile imetoka wapi, kwa sababu na mimi nimelelewa humo humo. Kwetu mgeni akiingia saa ya chakula na chungu ni kitupu, hakuna atakayemwambia kwamba chungu ni kitupu. Ataambiwa karibu, atapewa maji ya kunawa, ataulizwa habari za watu wa kwao mmoja mmoja, na huku uani mtu keshakwenda kwa jirani na kurudi na sahani iliyofunikwa kawa. Tunaita kusitiri, na ni jambo jema, nalipenda mpaka leo. Fundi alikuwa amekisitiri kihisio. Kimekatika, kimenyamaza, hakina cha kutoa, na kiendeshi chake kinatabasamu mlangoni kinasema sabini na mbili, karibu.

Lakini kiini kina desturi yake. Kiendeshi kikishindwa kusoma kinatakiwa kurudisha namba hasi, ambayo maana yake ni moja tu: nimeshindwa, fanya utakavyo. Hakuna anayeona haya kwa namba hasi. Kinachoogopwa ni namba nzuri isiyo ya kweli.

Basi nikakaa kumwandikia. Hapo ndipo nilipopata tabu, maana kwetu mtu humkosoi mbele za watu. Unamvuta pembeni, unamuuliza hali, mkizunguka kidogo unafika. Barua yangu ingesomwa na bwana yule asiye na salamu na maelfu wengine, na Fundi alikwishasema likirudi anaacha. Nikaandika kwa uangalifu mkubwa. Nilipomaliza nilimpa mume wangu aisome, kwa kuwa yeye hajui lolote la kompyuta na ni msomaji mzuri wa barua.

Akasoma. Akaniangalia. "Maashallah. Kwa hiyo umemkubalia."

"Sijamkubalia. Nimemrudishia."

Akapandisha miwani, akaanza tena kutoka juu. "Wapi?"

"Hapo, baada ya pale ninapomshukuru."

"Hapa unasema 'huenda siku moja pakapatikana nafasi ya kutafakari.'"

"Ndiyo hapo."

Mume wangu akaicheka barua yangu mpaka akavua miwani. "Mke wangu," akasema, "na weye umechomolewa waya."

Barua ile sikuipeleka. Asubuhi nikawasha vespa nikaenda Wete.

Fundi alikuwa na simu imefunguliwa tumbo mbele yake. Nilimwambia bila kuzunguka sana: kazi yako nzuri, nimechomoa waya, namba imebaki vile vile, haiwezi kuingia hivyo. Hakukasirika. Alikuwa na jibu.

"Mwalimu, chipu ikikosa kujibu mara moja tu, kioo kitaandika hitilafu. Mama atababaika."

"Acha ababaike."

"Mama yangu?"

"Basi twende tukamuulize mwenyewe."

Akafunga duka. Tukapanda vespa mpaka Gando. Mvua ya usiku ilikuwa imekwisha, na watu wameshatandaza majamvi yao kando ya njia, karafuu zimeanza kubadilika rangi kwenye jua.

Bi Mkubwa alitupokea kwa chai na mkate wa kumimina, na hatukuruhusiwa kutaja kompyuta mpaka sahani zimeondoka. Kisha akatupeleka ghalani kwa fahari. Kile kioo kidogo, ambacho Fundi alikwisha kumfungia kwa majaribio, alikuwa amekitundika karibu na mlango, na amekifunika kitambaa kilichotariziwa, kama watu wafunikavyo redio.

"Huyu, Mwalimu, ndiye mtu wangu," akasema. "Ikipita themanini naamrisha magunia yatoke, yaanikwe upya. Ikiwa chini, nalala."

Fundi alisogea hadi nyuma ya magunia, kilipofungwa kihisio. "Mama, inasema ngapi?"

"Sitini na nane."

Nikamwona anachomoa waya. "Na sasa?"

"Sitini na nane. Kwani iende wapi?"

Fundi akatoka, kiganja wazi, kibao cha kijani juu yake. Mamake akatazama kiganja. Akatazama kioo. Akarudi kwenye kiganja.

"Kama yeye yuko hapo," akauliza polepole, "hiyo sitini na nane anaitoa wapi?"

"Anaikumbuka ya mwisho aliyoisoma, Mama."

"Ehee! Kumbe ni mjomba wako huyu! Ukimuuliza umekula, anasema nimeshiba, na tumbo linanguruma tangu alfajiri!"

Nilijizuia kucheka nikashindwa. Fundi hakucheka. "Nilimfanya hivyo usibabaike," akasema.

"Mie? Mie nna magunia humu, mwanangu! Akiwa hajui na aseme hajui, niingie n'tie mkono mwenyewe. Mie nilikuwa nalala!"

Tukatoka nje tukakaa kwenye ngazi ya ghala, mimi na Fundi. Alikigeuzageuza kihisio vidoleni kwa muda.

"Kwa hiyo linarudi," akasema.

"Linarudi."

"Mbele za watu."

"Mbele za watu, Fundi. Hakuna njia nyingine, na mimi nimejaribu kuitafuta." Nikamsimulia habari ya barua yangu na mume wangu na miwani. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza siku ile, lakini hakuniambia kama anaacha au haachi, na mimi niliogopa kuuliza.

Aliposimama alisema, "Andika kama ilivyo. Ila na ile ya hesabu kuwa safi, iandike pia. Na hiyo si kweli?"

"Ni kweli kabisa."

"Basi iandike."

Niliandika pale pale kwenye ngazi, kompyuta magotini, mtandao ukija na kwenda. Barua ilikuwa fupi. Nilisema usomaji wa namba za kusahihishia ni miongoni mwa safi nilizowahi kuzipitia, na nikataja mistari. Nikasema kiendeshi kinarudisha namba ya zamani chipu isipojibu, kwamba nimejaribu kwa kuchomoa waya, na kwamba kinatakiwa kurudisha hitilafu. Nikasema nangoja toleo la nne. Nikabonyeza.

Kisha pakawa kimya. Kila siku nilifungua sanduku la barua kabla ya chai, na kila siku palikuwa na viendeshi vya watu wengine. Nikapita Wete nikakuta duka limefunguliwa na Fundi amezungukwa na wateja. Alinipungia mkono akaendelea na simu za watu, na nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu nimempoteza. Mume wangu akasema mtu anayepunga mkono hajapotea. Sikumwamini.

Toleo la nne lilikuja alasiri moja nikiwa napepeta mchele. Mistari ile ilikuwa imeondoka. Mahali pake palikuwa na mistari mifupi zaidi: chipu isipojibu, rudisha hitilafu. Hapakuwa na maelezo juu yake, kwa kuwa hayakuhitajika. Nikachomoa waya, na mara moja kioo kikaandika hitilafu, na sijawahi kulifurahia neno hilo kiasi kile.

Chini ya barua, mahali ambapo desturi yetu ni kuandika majina ya waliosaidia, aliandika jina langu kama msomaji. Chini yake akaongeza mstari wa "imejaribiwa na", na jina kamili la mama yake, la kwake, la baba yake na la babu yake, na maelezo kwamba amejaribu kwa kuchomoa waya ghalani na ameridhika.

Bwana wa mbali alikikubali kiendeshi kesho yake kwa mstari mmoja: "Nimekichukua, ahsante."

Fundi akanipigia. "Mwalimu, ameshukuru!"

"Nimeona."

"Salamu bado hana. Lakini ameshukuru." Nyuma yake nilisikia sauti ya Bi Mkubwa, ambaye alikuwa amekuja mjini, anauliza jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa au ndogo, na kama jamaa zake wa Shumba nao wanaweza kuliona.

Sikumuuliza tena kama anaacha. Niliona si adabu, na pia niliogopa kumkumbusha. Jibu lilikuja lenyewe, mwezi uliofuata, kwa ujumbe wa simu. Ametumiwa kiendeshi cha kihisio kingine akipitie, cha kijana asiyemjua wa bara jingine kabisa, naye amekisoma dukani kati ya mteja na mteja.

"Mwalimu, huyu naye anasitiri," aliandika. "Nimechomoa waya, namba imebaki vile vile. Nimwambie vipi?"

Nikamjibu: "Mbele za watu. Lakini anza na lililo zuri, kama lipo kweli."

Nadhani alikisoma upya kwanza.

"Lipo," akaandika. "Moja. Na salamu nitampa."