Asali Katika Kombe

Mimba mbili za mwanzo, mke wangu alizaa watoto wakubwa waliokwisha kufa. Ya tatu ilipoingia, miaka michache baada ya uhuru, daktari wa Msambweni alituambia ni ugonjwa wa sukari, akampangia chakula. Mama mkwe hakuridhika na chakula peke yake. Alikuwa na majani machungu aliyoyachuma bara, upande wa Samburu, na jina la majani hayo hakulitoa hata kwa bintiye.

Daktari hakumkejeli. "Tuyapime, mama. Ayanywe, na kila Jumatatu niletee mkojo."

"Pima, mwanangu. Mkojo hausemi uongo kama watu."

Daktari aliuchemsha mkojo katika kichupa pamoja na dawa ya buluu. Ukibaki buluu, salama. Ukigeuka rangi ya tofali, sukari ni nyingi. Jumatatu ya kwanza, tofali. Ya pili, tofali. Mke wangu aliweka mkono tumboni.

"Kuna kitu kingine anachokunywa?" daktari aliuliza.

"Hakuna," alijibu mama mkwe. "Chai yake kavu, haina sukari. Ni kombe la mumewe tu."

Daktari akanigeukia. Nilikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Kila alfajiri niliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, nikaiosha kwa maji ya mawaridi, nikatia asali ili yale majani yateremke.

"Asali kiasi gani, Mwalimu?"

"Mpaka achekelee."

Mama mkwe akaguna. "Mimi natia uchungu, mkwe wangu yuko nyuma anautoa."

Tangu siku ile niliiosha sahani kwa maji matupu, na aya haikupungukiwa na kitu. Jumatatu iliyofuata rangi ilikuwa kijani, sukari kidogo tu. Mama mkwe alianza kuyasifu majani yake. Daktari akamwomba ayasimamishe, tuone. Alikubali kwa shingo upande. Wiki ikapita, rangi ikabaki kijani ile ile.

"Basi ilikuwa asali," alisema mama mkwe, akiyafunga majani katika ncha ya leso. "Angalau hayakumdhuru."

"Hilo nalo sijui, mama. Tusiyarudie."

Hakuyarudia. Miezi ilipotimia, nilisikia kilio cha mtoto kabla sijafika mlangoni mwa wodi. Nilisujudu palepale kwenye saruji, watu wakinipita.

Nilipokwisha kumwadhinia mtoto sikioni, mama mkwe alinipa tende nimpake kidogo kaakaani, kama ilivyo sunna.

"Sasa tia utamu wako, Mwalimu," alisema. "Kidogo."