Sauti Iliyotozwa Mbuzi

Mektilda alikuwa na koo. Wengine Mungu huwapa ng'ombe, wengine huwapa watoto wenye kazi mjini. Yeye alipewa koo, na alilijua hilo vizuri. Kila Jumapili katika kigango cha Nkoma, kabla ya baraka ya mwisho, alisimama mbele na kusoma matangazo kwa namna ambayo hata waliosinzia wakati wa mahubiri waliamka na kujifanya walikuwa wakisali. Akitangaza ndoa ya fulani na fulani, watu walihisi wamekwisha kula pilau. Kigango hakikuwa na kipaza sauti, na hakuna aliyewahi kupendekeza kinunuliwe.

Mbali na koo, alikuwa na shamba la pamba aliloachiwa na marehemu mumewe, mbuzi wachache, na jirani aitwaye Kwandu. Usidhani jirani ni jambo dogo. Pamba hailimwi na mtu mmoja. Magugu huota upesi kuliko mkono wa mjane, na kule Nkoma majirani hupalilia kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Tangu usichana wao Mektilda na Kwandu walishika mistari iliyokaribiana, wakipalilia huku wakisengenya, na kazi ikaisha bila mtu kuihisi.

Basi huko Dar es Salaam palikuwa na kampuni iliyotengeneza programu ya simu kwa wakulima wa pamba, ikaipa jina Jembe Kidoleni. Waliotunga jina hilo hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka malengelenge ya mpini. Programu ilikuwa na michoro ya rangi, mistari inayopanda na kushuka, na utabiri wa mvua wa kila kata. Wakulima waliipakua, wakaitazama, wakarudi kutazama mawingu.

Kampuni ikamtuma Bariadi kijana mmoja wa Tanga, Abdulrazak, mpole na msafi, mwenye cheo cha Afisa Uzoefu wa Mtumiaji. Kazi yake ilikuwa kukusanya maoni ili programu isanifiwe upya. Alikodi ukumbi, akaita wakulima, akawalisha wali na nyama na soda ya baridi, kisha akawauliza programu ina kasoro gani.

Sasa wewe fikiria. Umekula wali wa mtu, bado unajitoa nyama yake kwenye meno, halafu mtu huyohuyo anakuuliza kitu chake kina ubaya gani. Aliyelelewa vizuri atajibu nini? Wote walisema ni nzuri sana. Wengi walikuwa hawajaifungua. Abdulrazak akaandika kwamba watumiaji wameridhika kwa kiwango cha juu, na Dar es Salaam wakakuna vichwa, maana hawakuelewa watu wanaridhikaje hivyo na kitu wasichokigusa. Aliyewaokoa ni mzee mmoja wa Migato ambaye soda ziliisha kabla hazijamfikia. Huyo hakuwa na deni la adabu.

"Hii programu yenu imekaa kimya kama mtu aliyenuna," alisema. "Sisi tunaongea."

Ndipo likaja toleo jipya, lenye sauti ya Kisukuma. Kwanza walimtumia binti wa Dar es Salaam ambaye babu yake alikuwa Msukuma. Wakulima walimsikiliza kwa huruma, wakauliza kama amepelekwa hospitali. Abdulrazak akaambiwa atafute sauti ya hukuhuku, na kila aliyemuuliza alimwelekeza Nkoma, kwa Mektilda.

Walirekodi katika chumba cha nyumba ya wageni mjini Bariadi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mektilda alivaa kitenge chake cha sikukuu ingawa hakuna ambaye angekiona. Alipewa karatasi ya Kiswahili aigeuze kwa Kisukuma: kuna uwezekano wa asilimia sitini wa mvua katika kata yako, fikiria kupanda. Akaisoma mara mbili, akashusha miwani.

"Mwanangu, hii mvua inanyesha au hainyeshi?"

"Kuna uwezekano, mama. Sitini kwa mia."

"Mimi nikitangaza ndoa, nasema kuna uwezekano bwana arusi akaja?"

Abdulrazak alicheka. "Sema kwa namna yenu, mama. Ujumbe ufike tu."

Mektilda akavuta pumzi, akalifungua koo. "Wana Nkoma, mvua inakuja. Pandeni." Abdulrazak, ambaye Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu ya mwangaluka, alitikisa kichwa kwa furaha na kusema safi sana. Wakarekodi na za kata nyingine vilevile, uwezekano ukabaki kwenye karatasi.

Tuseme ukweli, mama wa watu alilewa sifa. Wachache wenye simu janja waliweka sauti juu, wakabonyeza moja ili kusikia tena, na wasio nazo walisogeza vigoda. Mektilda akipita njiani alijisikia akitoka kwenye nyumba ya huyu na kibanda cha yule, na mwendo wake ukawa wa polepole. Kwandu alimtania kwamba sasa asipoitikia salamu itabidi wabonyeze moja. Dar es Salaam walishangilia takwimu. Hata mbuzi wa Mektilda, kwa maneno ya Kwandu, walianza kuringa.

Msimu wa kupanda ukafika. Sauti ikasema mvua inakuja, pandeni, na Nkoma ikapanda. Kwandu alipanda mbegu zake zote, hakubakiza hata za kushika mkononi. Mektilda alipanda nusu. Hakukaa chini kuliwaza sana. Karatasi ile ilikuwa bado kichwani mwake, na mkono ukasita wenyewe.

Yakaja manyunyu ya kuidanganya mbegu. Kisha jua likawaka, likaendelea kuwaka, na vichipukizi vikanyauka vikiwa bado vimejikunja. Mvua ya kweli ilipokuja baadaye, wengi walikuwa wanahangaika kubembeleza mbegu za pili, wengine mpaka kwa ndugu zao Lalago. Mektilda alimwaga nusu yake iliyobaki, ikaota vizuri, imependeza, kando ya njia ambako kila mtu aliiona.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaitisha mkutano kwenye kiwanja cha shule. Kamanda wao, Mashimba, ni mtu asiye na mzaha. Alisema aliyewapotosha wanakijiji lazima ajibu. Abdulrazak alifika na tarakilishi yake ndogo, amefurahi kuona umati mkubwa hivyo. Alimwandikia bosi wake kwamba ushirikishwaji wa watumiaji Nkoma hauna mfano.

Waliweka simu juu ya kigoda, katikati. Mashimba akaiuliza mbele ya wote kama ni yeye aliyesema mvua inakuja. Kijana mmoja akabonyeza. "Wana Nkoma, mvua inakuja. Pandeni," ikasema simu, na shingo zote zikageuka kumtazama Mektilda, aliyekuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Una la kujitetea?" Mashimba aliiuliza simu.

"Kusikia tena, bonyeza moja," ilijibu.

Watu wakaguna. Kukosa adabu mbele ya sungusungu nalo ni kosa. Mektilda angeweza kusimama pale na kusema karatasi ilisemaje. Alimwona Kwandu amekaa upande wa pili, amejifunga kanga kiunoni, haangalii simu, anamwangalia yeye. Maneno yalifika kooni, koo lililozoea kutangaza habari za watu wote, na ilipofika zamu ya habari yake likafunga.

Hukumu ilikuwa mbuzi mmoja dume, wa kuliwa na kijiji. Mpaka aliwe, mkosaji asisalimiwe, asipewe moto, asisaidiwe shambani. Abdulrazak aliuliza mkosaji ni nani, kampuni au mama.

"Kampuni haichoti maji hapa," alisema Mashimba. "Haina jirani. Utaitengaje? Tunaitenga sauti."

Abdulrazak, kusema haki, alilihangaikia lile jambo. Alipiga simu Dar es Salaam siku hiyohiyo. Huko wakamjibu kwamba bajeti haina kifungu cha mbuzi. Akaomba kiwekwe chini ya ushirikishwaji wa wadau. Wakakubali, ila taratibu za manunuzi zinadai ankara tatu kutoka kwa wauzaji watatu wenye namba ya mlipakodi, na risiti ya mashine. Abdulrazak akaenda mnadani Bariadi, akazunguka kwenye vumbi na jua akitafuta mbuzi mwenye risiti. Wachunga mifugo walimpisha njia kwa upole, kama anavyopishwa mtu ambaye jua limemzidi. Mwishowe ofisi ikatuma badala yake boksi la fulana zenye nembo ya Jembe Kidoleni.

Mashimba alizitazama, akapima moja begani. "Nzuri," alisema. "Lakini fulana hailiwi."

Huku nyuma magugu hayakungoja manunuzi. Mektilda alipalilia peke yake. Akimaliza mstari, ule wa kwanza ulikuwa umeota tena. Asubuhi alisema mwangaluka, na njia ikabaki kimya. Kigangoni matangazo akapewa Sylvester, ambaye husoma akiwa ameelekea ukutani, na watu wawili walikosa mazishi kwa sababu yake. Lakini kilichomuumiza Mektilda si matangazo. Alimsikia Kwandu akipalilia shamba la jirani, upande wa pili wa ua wa minyaa, akicheka na wengine, na kicheko kile alikijua tangu usichana. Alikaa chini katikati ya pamba yake nzuri akalia. Mdomo ulikuwa umeponza kichwa, na sasa mdomo wenyewe ulikuwa hauna wa kuongea naye.

Akafungua zizi, akamshika dume wake mkubwa, akamkokota mpaka kwa Mashimba.

"Mayu, mama yetu, hili si kosa lako," alisema Mashimba. "Ni la kampuni. Ukilipa wewe, unakiri."

"Waite watu."

Watu wakaja. Nyama ilipokuwa bado motoni, Mektilda alisimama. Safari hii sauti haikuwa ya kigangoni. Waliokaa nyuma ilibidi wasogee.

"Kwenye karatasi waliandika huenda," alisema. "Mimi ndiye niliyeitoa huenda. Niliona haisikiki vizuri. Halafu mimi mwenyewe nikapanda nusu."

Watu waliangalia moto.

"Niliona shamba lako," alisema Kwandu. "Tangu siku ya kwanza niliona." Akasukuma kuni motoni. "Ungesema huenda, na mimi ningepanda nusu."

Hilo tu. Mektilda angependa kutukanwa, ingekuwa nafuu. Nyama ilipoiva Kwandu alichukua kipande, akatafuna, akasema imezidi chumvi. Kesho yake alfajiri alikuja na jembe, akaanza mstari wake bila kusema neno, na jua lilipopanda akauliza kama ni kweli Sylvester alitangaza kipaimara cha marehemu.

Kampuni nayo haikukaa bure. Ripoti ya Abdulrazak ilisomwa, ikajadiliwa, na toleo jingine likasanifiwa kwa kuzingatia maoni ya watumiaji. Waliongeza kitufe cha malalamiko chenye picha ya mbuzi. Mektilda akaitwa tena kurekodi, akaenda na kitenge cha kawaida, na akasema hatafungua mdomo mpaka akubaliwe kusema kila neno la karatasi. "Wana Nkoma, huenda ikanyesha, huenda isinyeshe. Mwenye mbegu ni wewe. Panda nusu, nusu weka." Kipande cha mwisho hakikuwa kwenye karatasi, lakini Abdulrazak, aliyekuwa amepata mwalimu wa Kisukuma, alikielewa, akakiacha.

Msimu huo Nkoma ilipanda nusu, na hakuna aliyekwenda kubembeleza mbegu Lalago. Hakuna aliyetoa sifa pia. Ushauri wa namna hiyo, walisema, hata bibi zetu walikuwa nao, na hawakuwahi kuishiwa chaji. Walisikiliza mara moja, wakaelewa, wakazima simu.

Huko Dar es Salaam ikaonekana kwamba watu hawarudii kubonyeza. Kikao kikakaa. Maoni yakachambuliwa, ikabainika kwamba mtumiaji hapendi mashaka, anahitaji ujumbe wenye ujasiri. Basi siku moja gari la kampuni likasimama kwa Mektilda, akashuka Abdulrazak na cheti chenye fremu, cha kumshukuru kwa mchango wake. Mektilda na Kwandu walikuwa uani wanachambua pamba. Abdulrazak alikunywa uji, akazungukazunguka na maneno, mwishowe akasema wamepata sauti mpya. Mama mmoja wa Lalago, kule Maswa, kiongozi wa kwaya. Abdulrazak alisema yeye mwenyewe aliwaandikia wakubwa wake kupinga, hawakumjibu.

"Hebu tumsikie," alisema Mektilda.

Abdulrazak akabonyeza. Lilikuwa koo hasa, zito, tamu, la mtu aliyevaa kitenge cha sikukuu. "Wana Maswa, mvua inakuja. Pandeni."

Kwandu aliacha kuchambua. Mektilda alisikiliza mpaka mwisho, mpaka pale pa kubonyeza moja.

"Ana mbuzi huyo?" aliuliza.

Abdulrazak alisema hajui. Swali hilo halikuwa kwenye dodoso.

Mektilda akaweka cheti chini, akaingia zizini, akatoka na beberu mchanga, mtoto wa ukoo wa yule aliyeliwa. Akampa Abdulrazak kamba mkononi.

"Mpelekee. Mwambie amlishe vizuri," alisema. "Mbegu zinakaribia kugawiwa."