Kabati la vioo chumbani, na mgeni aliyeonwa na mama

Wakuu, habari za jioni.

Nimeona swali la mwenzetu, kama kabati la ukutani lenye milango ya vioo linafaa chumba cha kulala cha kisasa. Nimeanza kujibu nikafuta, nikaanza tena. Wacha niseme yaliyonipata, bila kuongeza neno.

Naishi Muyeye, Malindi, na mke wangu Rehema. Tulipokarabati nyumba, fundi alitufungia kabati chumbani kwetu, ukuta mzima, milango ya kuteleza, kioo kutoka sakafuni hadi juu.

Lilipendeza, wakuu! Chumba kilionekana mara mbili yake. Rehema akivaa, anajiona hadi viatu.

(Wa pwani mjue: hewa ya chumvi inakula kingo za kioo, madoa meusi yanatokea.)

Halafu nikamleta mama kutoka Ganze. Alikuwa ameanza kusahau, majirani wanamkuta njiani hajui nyumba yake iko wapi. Tukampa chumba chetu kwa sababu kina choo ndani.

Asubuhi akaja jikoni.

"Mbona hamkuniambia kuna mgeni?"

"Mgeni gani, mama?"

"Yule mama mle chumbani. Namsalimu, haitikii."

Tulicheka. Nikampeleka kwenye kioo, nikamwambia ni wewe huyo, ona, hata leso ni hiyo hiyo. Akanitazama kama nimemtukana.

"Mimi si mzee vile."

Amani ikatoka nyumbani.

Akakataa kuoga, akisema hawezi kuvua nguo mbele ya mtu asiyemjua. Usingizi hapati. Anakaa kitandani na kifurushi mapajani, anataka kwao. Rehema akafunika vioo kwa leso, mama akazivuta chini, ahakikishe kama yule mtu bado yupo.

Mimi nikiwa kazini napiga simu nyumbani kila mara. Nikirudi, nachungulia chumba kile kabla hata ya kuvua viatu.

Alasiri moja nilifungua mlango nimjulie hali. Alikuwa amenipa mgongo. Akaniona ndani ya kioo, nimesimama karibu na yule mgeni.

Akainua mkongojo akapiga. Kioo kikamwagika chote.

"Mwache mwanangu! Mwache!"

Damu inamtoka mkononi, na bado anataka kupiga. Nikamkumbatia kwa nyuma. "Niko hapa, mama. Niko hapa." Nikamfunga mkono kwa leso.

Zahanati walimshona. Daktari akatueleza kuwa wazee wenye ugonjwa huu wa kusahau wanaweza kuusahau uso wao, kwa sababu akilini bado wanajiona vijana. Akasema ondoeni vioo.

Fundi akaweka milango ya mbao. Chumba kimekuwa kidogo, kina giza kidogo. Mama analala.

Mimi ndiye nisiyelala vizuri. Juzi alinikaribisha kiti kwa heshima, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia jina lake mwenyewe.

Akatabasamu. "Huyo namjua. Mwambie aje anitembelee."

Nikamjibu nitamwambia.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza, kioo kinapendeza na chumba kinapata mwanga. Ila kabla ya kumwita fundi, fikiria kila mtu atakayelala mle, na wanaozeeka pia.

Na nyinyi mnaoishi na mzazi wa hivi, mnafanyaje siku anapokuita mgeni? Mnamsahihisha, au mnaitikia tu? Nisaidieni, nasoma kila jibu.