Tuta la Daudi

Juzi fundi alikuwa anachanganya chokaa nje ya ukuta wangu, na ile harufu yake kali inayokereketa puani ikanikumbusha jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa mtoto mwenye wivu. Si wivu wa gauni wala wa mkate, maana huo hata wewe ungenielewa. Mimi nililionea wivu tuta la barabarani.

Tulikuwa tumehamia Chang'ombe kutoka Mlali, nikiwa darasa la tatu. Mtaa wetu ulikuwa wa vumbi tupu, na pikipiki zilipita mbio hadi kuku wakajifunza kutazama kulia na kushoto. Mtaa wa pili, kwa rafiki yangu Neema, mambo yalikuwa mengine. Mbele ya mlango wao palikuwa na tuta la udongo na kokoto, limeshindiliwa vizuri, na watu wote waliliita Tuta la Daudi. Magari yakifika pale yalinyenyekea. Madereva walimsalimia Mama Neema kwa heshima, wengine wakamnunulia karanga zake. Kila Jumamosi yeye na Neema walilipaka chokaa taratibu, kama watu wanaompaka mgonjwa mafuta. Nilisimama pembeni, roho ikiniuma.

Kule Mlali kisima kiliitwa kwa jina la aliyekichimba. Kwa hiyo sikuuliza Daudi ni nani. Nilijua ni bwana mmoja mwenye misuli na jembe, pengine mjomba wao.

Jumamosi moja niliomba nami nipake. Neema akaikumbatia ndoo.

"Hapana, Eliza. Hili ni letu."

Hili ni letu! Nilirudi nyumbani mbio, nikamshitakia mama. Alikuwa anachambua mchicha, na wala hakuinua kichwa. "Usione vyaelea, vimeundwa," akasema. Mimi nikalichukua neno hilo kama ruhusa ya kwenda kuunda langu.

Siku tatu mfululizo, kila nikitoka shule, nilibeba udongo kwa sufuria bovu. Likatokea tuta fupi, limepinda, lakini pikipiki ya kwanza ilipunguza mwendo nami nikajiona mkuu wa wilaya. Kisha nikachovya kidole kwenye chokaa niliyoiba katika ndoo ya akina Neema, nikaandika juu yake kwa herufi kubwa: TUTA LA ELIZA. Nikamwita Neema aje aone. Nilitaka na yeye roho imuume.

Alikuja na mama yake. Nikatoa shikamoo yangu, nikasubiri sifa. Mama Neema alisoma, akasoma tena, kisha akapiga magoti vumbini na kuanza kulifuta jina langu kwa upindo wa kitenge chake.

"Tuta liache, mwanangu. Tuta ni zuri," alisema. "Jina ndilo tunalifuta."

Nililia kwa hasira. Nilijua kabisa kilichomsumbua: wivu. Hakutaka mtoto wa mwenzake naye ajulikane mtaani. Wiki nzima nilipita mbele ya meza yake ya karanga bila kumwamkia, uso nimeugeuzia upande wa pili.

Tulikuwa tumeshafika sekondari Neema aliponiambia, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba Daudi alikuwa mdogo wake. Alikuwa na miaka minne. Aligongwa na gari pale mlangoni akikimbilia mpira, mwaka mmoja kabla sisi hatujahamia. Majirani walipotoka kumzika hawakungoja ofisi yoyote. Walishika majembe yale yale, wakalijenga lile tuta kabla matanga hayajaisha.

Sasa nina watoto wawili, na mtaa ninaoishi una matuta matatu, hakuna hata moja lenye jina la mtu. Yule mama pale vumbini alikuwa ananiombea, na mimi nikamnyima hata shikamoo.