Dashibodi Safi ya Kasmiri

Shemeji yangu Kasmiri hawezi kuacha kitu kama alivyokinunua. Redio mpya ataifungua kabla hajaisikiliza. Jembe jipya atalikata mpini. Dada yangu Balbina alipoolewa naye pale Ifakara, tulimtania kwamba na yeye atafunguliwa skrubu, na Kasmiri alicheka kuliko sisi sote. Ni mtu mwema. Namsema kwa sababu ni shemeji, na shemeji asiyetaniwa hudhani amechukiwa.

Alipopata gari lake, Noah iliyokwisha kutembea sana mikononi mwa wengine, alianza kazi siku hiyo hiyo. Alitaka kubeba mpunga kutoka Kiberege, na njia za mashambani wakati wa masika zinakwangua tumbo la gari. Akakata vipande vya tairi kuukuu la lori, akavipachika kwenye springi, gari likasimama juu kama mbuzi aliyepanda kichuguu. Akafunga spotilaiti mbili mbele na spika kubwa nyuma. Majirani walilisifu, naye akawa analizunguka huku akijifuta mikono isiyo na mafuta.

Ndipo taa za dashibodi zilipoanza kuwaka. Kwanza ya betri, halafu ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukikanyaga breki, halafu ile nyekundu ya breki. Mtu mwingine angejiuliza kulikoni. Kasmiri alizibandika tepu nyeusi. Tepu ilipobanduka kwa joto, akafungua dashibodi yote na kung'oa balbu.

"Shemeji Edna, njoo uone," aliniita. "Dashibodi safi, utadhani gari limeshuka melini jana."

"Hata mtu akifumba macho haoni uchafu," nilimjibu.

Akacheka. Na mimi nikacheka, yakaisha.

Mwaka huu mama yetu alitaka kwenda Mahenge kwenye misa ya kumwombea marehemu kaka yake, na Kasmiri akaahidi kumpeleka mwenyewe. Kwake halikuwa jambo dogo. Ukoo mzima ungemwona akimshusha mama mkwe kwenye gari lake. Ila Mahenge iko juu milimani, na miteremko ya ile barabara haitaki mzaha.

Mimi na mama tulifika kutoka Mkula mchana wa siku iliyotangulia misa, Kasmiri na Balbina wakatupokea stendi ya Ifakara. Katika familia yetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Wakishasalimiana, neno lolote la maana hupitia kwa Balbina, hata kama wote watatu wamesimama pamoja na wanasikiana vizuri. Kasmiri akainamisha kichwa, akasema shikamoo, mama akaitikia marahaba, kisha Kasmiri akaenda kuwasha gari. Mama alikuwa bado mlangoni, mkono mmoja kwenye kitenge.

"Balbina," akasema, "muulize mwenzako. Basi tulilokuja nalo, dereva akizungusha ufunguo taa nyekundu zinawaka zote, halafu zinazima. Mbona kwenye lake haiwaki hata moja?"

"Mama anauliza..." Balbina akaanza.

"Nimesikia," akasema Kasmiri, akitazama usukani. "Mwambie ni za mapambo tu."

Mama alipanda kiti cha nyuma kabisa, akatoa rozari, akasali mpaka nyumbani. Kasmiri aliona kwenye kioo. Tulipofika alimfungulia mlango, akachukua bisibisi, akarudi kwenye gari bila kuonja chai.

Alirudisha balbu zote. Alipowasha, taa tatu zikabaki zikimkodolea macho. Akaanza na mapambo yaliyoingia mwisho. Akachomoa waya za spotilaiti na spika, alizokuwa amezifunga kienyeji kwenye waya wa chaji, akaunga vizuri; taa ya betri ikazima. Akachungulia gurudumu la mbele. Siku alipoinua gari kwa vile vipande vya tairi, kiwaya cha ABS kilikuwa kimevutika mpaka kikakatika. Akakiunga na kukirefusha, akazunguka mtaa mara moja, na ile nayo ikazima.

Ikabaki ya breki. Handibreki ilikuwa chini, kwa hiyo si yenyewe iliyoiwasha. Mafuta ya breki yalikuwa yamepungua kwenye kopo lake, akaongeza, taa ikazima. Akapiga makofi, akaniambia kesho saa kumi na mbili asubuhi tunaondoka.

"Yale yaliyopungua yamekwenda wapi?" Balbina akauliza kutoka jikoni.

Kasmiri akapiga jeki, akafungua tairi. Mpira unaopeleka mafuta kwenye breki ulikuwa umevutwa kama kamba ya mbuzi anayekataa kwenda sokoni. Ulikuwa umepasuka, nyuzi za ndani zinaonekana, mafuta yametapakaa. Alipoukunja kidogo kwa kidole, ukachuruzika.

Nilifikiri atamwita Balbina ampe maneno ya kupeleka. Balbina mwenyewe alishafuta mikono, akisubiri. Lakini Kasmiri alimpita. Akaenda moja kwa moja barazani, akapiga goti moja mbele ya mama. Niliona aibu kama vile ni mimi niliyepiga goti.

"Mama, kesho siwezi kukupeleka. Gari halina breki ya kuaminika. Taa ilikuwa inaniambia tangu masika, nikaing'oa kwa mkono wangu."

Mama alimtazama usoni.

"Tangu masika," akasema. "Kwa hiyo siku ile mjukuu wangu, mwanenu Omega, aliposhikwa na degedege, ukamkimbiza hospitali mvua inanyesha, ulikwenda na gari hili?"

"Ndiyo, Mama. Na mama yake alikuwa amempakata."

Balbina akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Kasmiri alikuwa analia, na hakujificha.

"Kesho tunapanda basi," mama akamwambia. "Na wewe unakwenda. Misa ni ya kaka yangu, lakini wewe una la kumshukuru Mungu kuliko sisi wote."