Vigingi Juu ya Mwamba wa Rubona

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia, na mmea ule ulinimaliza kabisa. Ulikuwa mdogo tu, majani manene yaliyojaa maji, ua jekundu lisilozidi ukucha, na uliota kwenye nyufa za mwamba mweusi juu ya barabara ya Rubona. Mtaalamu wa mimea aliyepita katika ofisi yetu ya kilimo pale Gisenyi alinionyesha picha yake, akasema huenda umekwisha duniani. Akaniachia fomu ya kurasa mbili ya kujaza iwapo nitauona. Niliupata wiki ileile, nikarukaruka mwambani peke yangu kama mwendawazimu.

Furaha ile haikudumu. Miaka hiyo, mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya vita, watu walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni kila upande, mimi mwenyewe nikitokea Tanzania, na kila mtu alitafuta pa kujenga. Miamba ilipondwa kuwa misingi ya nyumba. Kila asubuhi kabla ya kazi nilishuka kuhesabu mashina, jioni nikarudi kuyahesabu tena. Wenzangu ofisini wakaanza kuniuliza huyo mchumba wa Rubona nitawaletea lini.

Hatimaye nikafanya la maana, au ndivyo nilivyojisifu. Nilichonga vigingi, nikavipigilia kwenye nyufa kuizunguka ile mimea, nikafunga kamba ya katani kutoka kimoja hadi kingine ili mtu asiikanyage. Kesho yake malaria ikanilaza. Nilikaa kitandani siku sita, nikiwaza kamba tu. Nilipoweza kusimama nilikwenda moja kwa moja mwambani, nimebeba mfuko wa vigingi vya akiba.

Ndani ya kamba yangu palikuwa peupe, pamefagiliwa. Mama mmoja alikuwa anapanga mawe ya msingi, na turubai lake limetandazwa pembeni. Aliponiona na ule mfuko aliweka jiwe chini, akanishika mikono yote miwili, akaniita kwa cheo changu cha bwana shamba.

"Agronome! Ni we ulipima hii parcelle? Mungu akubariki, we ni mutu muzuri sana! Tangu tutoke Congo tunalala chini ya bâche, mi na batoto bane. Nikaona vigingi na kamba, nikasema, bon, leo na sisi tumepata."

Damu ilinipanda kichwani, kisha nikauona upumbavu wangu wote kwa mara moja. Nani Gisenyi nzima hakujua kwamba kigingi na kamba ni kiwanja? Ndivyo viwanja vilivyogawiwa. Hata changu nilikipata hivyohivyo.

"Na yale majani yaliyokuwa hapa?" nikamuuliza.

"Ile? Haina kazi. Hata mbuzi ilikataa." Akanionyesha lundo nyuma yangu.

Mimea yote ilikuwa pale, mizizi juu, bado ya kijani na minene. Niliokota mashina matatu nikayatia mfukoni. Baadaye niliyapanda nyuma ya ofisi, yakaoza kwa mvua ya kwanza.

"Agronome," mama akaendelea, "dada yangu na ye iko anatafuta. Kule juu, kwa ile jiwe ingine, hakuna mutu. Umupimie na ye."

Sikuhitaji kutazama. Kwenye jiwe lile ndiko yalikobaki mashina manne, ya mwisho niliyoyajua. Watoto wake walikuwa wameacha kubeba mawe ili wasikie nitasema nini. Nilimwonea hasira yule mama, na papo hapo nikamwonea aibu.

Nilimkabidhi mfuko wote wa vigingi, nikamwambia awashie moto. Alicheka, akadhani ni zawadi nyingine, akachemsha chai.

Nikaketi juu ya msingi wake nikainywa, nimelipa mgongo lile lundo. Mmea wa namna ile hukaa wiki nyingi kabla ya kujua kwamba umeng'olewa.