Fundi Aliyesikia Majibu Yake Redioni

Hadithi zangu nyingi nimeziandikia kwenye foleni ya petroli. Watu wakisikia kwamba daktari anaandika hadithi za mambo yasiyokuwapo duniani, na kwamba hadithi hizo zimepata tuzo huko nje, hudhani nina chumba chenye meza na dirisha linalotazama ziwa. Nina gari lisilo na mafuta. Napanga foleni mtaa wa Ngagara, karibu na nyumbani, nashusha kioo, naandika kwenye simu kwa kidole gumba mpaka mwenye gari la nyuma anipigie honi kwamba tumesogea. Siku nyingine nafika mbele naambiwa yameisha. Narudi nyumbani bila petroli, lakini na ukurasa mmoja.

Mimi ni mtu wa hofu, na sioni aibu kulisema. Nikimwandikia mgonjwa dawa, namwita arudi kutoka mlangoni nisome tena nilichoandika. Wauguzi wananicheka. Labda ndiyo sababu naandika. Kwenye hadithi baya likitokea nimelitengeneza mwenyewe, najua linaanzia wapi na linakomea wapi. Zahanatini kwetu, mtaa wa Rohero, hakuna anayenipa nafasi hiyo.

Hadithi iliyopata tuzo kubwa ilihusu mji ambao watu wakichoka moyo wanawekewa injini ndogo kifuani. Fundi mmoja ndiye anayewatengeneza wote, mawaziri na wauza mboga. Siku moja anahisi nati inaota chini ya ngozi ya shingo yake mwenyewe, na mji mzima hauna mtu anayejua kumfungua. Basi anakufa. Niliiandika nikiwa mzima, wenzangu wote wazima, nikaituma, nikaisahau. Tuzo zina mwendo wa konokono. Ilipotangazwa, mwaka ulikuwa umepinduka, na daktari mwenzangu akanitania kwamba sasa nalipwa mara mbili, kwa uongo ninaoandika na kwa ukweli ninaowaambia wagonjwa.

Kati ya kuiandika na kutangazwa, yule ninayemwita baba mdogo alikuja zahanatini na uvimbe shingoni.

Si ndugu wa damu. Alikuwa rafiki wa baba yangu tangu wakiwa vijana mtaa wa Buyenzi, fundi wa magari na wa mashine za meli za mizigo, na baba alipofariki ni yeye aliyesimama shahidi kwenye nikahi nilipoolewa. Ana mikono isiyotoka mafuta hata akitawadha mara tano kwa siku, na ulimi wa kutania kila anayepita mbele ya gereji. Siku hiyo hakutania. Alikuwa amekonda, akatoa kilemba chake, akaniinamishia shingo. Nilipoigusa ile tezi, ngumu, ya mviringo, chini ya sikio, niliikumbuka nati ya fundi wangu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nimesoma udaktari miaka mingi na msemo huo ulinipita kichwani kabla ya jina la ugonjwa wowote.

Nikamkata kipande cha nyama, nikakituma kwenye maabara ya nje, kwa kuwa kipimo nilichokitaka hapa hakikuwapo siku zile. Nilichoogopa ni saratani. Sikukitamka. Kila alipopita kuuliza majibu nilimwambia bado, na ilikuwa kweli, majibu yalikuwa bado. Ila uso wangu haujui kudanganya, na yeye maisha yake yote amesikiliza injini za watu wanaosema gari lao ni zima.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Kwetu mgonjwa haambiwi. Habari mbaya hupewa ndugu, nje, kwenye korido, kwa sauti ya chini, na ndugu humrudia mgonjwa na maneno mengine. Kaka mkubwa hunishika mkono na kuniomba, dogiteri, mwambie ni vidonda vya tumbo. Mgonjwa naye si mjinga. Anaacha maneno, anasoma dalili: nani amekuja kutoka mbali, nani amelia jikoni, nani ghafla ameanza kumletea soda. Huo ndio ustaarabu wetu, nami nimegombana nao tangu nianze kazi, na mara nyingi umenishinda.

Kwa baba mdogo kulikuwa na kasoro moja. Watoto wake wako Ulaya. Ndugu wa kuvutwa koridoni alikuwa mimi.

Wakati huo huo tuzo ikatangazwa, na redio moja ya mjini ikaitafsiri hadithi yangu kwa Kiswahili na kuisoma mchana, saa ambayo gereji zote za Buyenzi zimefungulia redio. Mimi nilikuwa na wagonjwa, sikuisikia. Jirani alinipongeza. Nikafurahi kwa muda wa chai, kisha nikarudi kwenye wasiwasi wangu wa kawaida: majibu hayajaja, tezi inakua, na fundi hajapita wiki hiyo.

Yalikuja kwa simu, asubuhi nikiwa na mtoto anayelia mezani. Mtu wa maabara alisema kwa Kifaransa, nikamwambia arudie, akarudia. Haikuwa saratani. Kilikuwa kifua kikuu, kimejificha kwenye tezi za shingo. Nikamkabidhi mama mtoto wake na nusu ya maelezo, nikatoka nje kumpigia baba mdogo. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena na tena, imezimwa. Furaha yangu ikaanza kuchacha. Mtu ambaye simu yake ni kamba ya kazi haizimi. Nikamwomba mwenzangu anishikie wagonjwa, nikasimamisha bajaji, nikaenda Buyenzi roho juu.

Gereji ilikuwa wazi na hapakuwa na kelele. Fundi wa pembeni alikuwa ameshika spana ninazozijua, zile ndefu zenye mpini uliofungwa mpira mwekundu. Nikamuuliza mwenyewe yuko wapi. Akazitazama, akanitazama.

"Ametugawia," alisema. "Kila mutu yake. Amesema tumuombee."

Fundi hagawi spana. Anaazimisha kwa matusi na kuzidai kwa matusi. Nikapita nyuma, nyumbani kwake. Mkewe alikuwa anachambua mchele uani. Aliponiona aliinuka, akanikumbatia, na kilichonitisha ni kwamba alinikumbatia kwa shukrani.

"Karibu mutoto yangu. Baba yako haiko. Ameenda ku bandari, anapanda bato ya mizigo, inaenda Kigoma. Anataka alale Ujiji, kwa dada yake, karibu na kaburi ya mama yao."

"Kulala vipi, mama mudogo? Nani amemwambia anakufa?"

Alinishika mashavu.

"Si we? Tunakushukuru sana. Haukumuambia mbele ya macho. Haukuniambia mi, ulijua roho yangu ni ndogo. Ulisema ku redio, kama mutu ya adabu. Fundi, nati ku shingo, hakuna mutu wa kumutengeneza. Tulisikia wote pale gereji. Alizima redio, akaenda kuswali."

Nilitaka kumwambia kwamba niliiandika kabla, kwamba ni hadithi, kwamba tuzo zina mwendo wa konokono. Mdomoni yote yalikuwa maneno ya mtu anayejitetea. Nikamwambia jambo moja tu, kwamba ugonjwa una dawa na asimpe mtu mwingine kitu chochote cha mumewe. Akaitikia eeh, eeh, kwa upole, kama anayemwitikia mfiwa. Hakuamini hata neno moja. Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa kazi iliyonisubiri, nikakimbia.

Bajaji zote zilikuwa kwenye foleni ya mafuta. Nikaenda kwa miguu, na koti langu jeupe bado mwilini, jasho likinitiririka mgongoni. Njia nzima nilikuwa napiga hesabu za daktari mwoga. Akivuka, atakaa kwa dada yake akingoja kufa. Tezi itapasuka, ugonjwa utashuka mapafuni au utapanda kichwani. Atakufa kweli, kwa maradhi yanayotibika, na mkewe atasema dogiteri alijua. Langoni pa bandari mlinzi aliliona koti, akadhani kuna ajali, akanifungulia kabla sijasema neno.

Meli ilikuwa bado imefungwa. Makuli walikuwa wakipandisha mizigo, na yeye alikuwa amekaa kwenye chuma cha kufungia kamba, kanzu safi, begi dogo miguuni. Mabaharia wote wanamjua, amewafungulia mashine zao tangu enzi za baba zao. Aliponiona alitabasamu.

"Umekuja kuniaga," alisema. "Mungu akubariki."

"Sikuja kukuaga. Majibu yamefika, baba mudogo. Si kansa. Ni kifua kikuu, kimeingia ku tezi za shingo. Dawa iko. Utapona."

"Asante, mutoto yangu. Umesema vizuri sana."

"Unaniamini?"

"Nakuamini."

"Basi beba begi twende."

Hakunyanyuka. Alitazama maji kidogo, kisha akaniuliza, bila ukali wowote, "Marehemu baba yako, dogiteri alimuambia nini?"

Akajijibu mwenyewe.

"Alimuambia utapona. Mi nilikuwa pale, nilishika miguu yake. Na ndugu yangu wa tumbo moja? Utapona. Na jirani wa msikitini? Utapona. Mutoto yangu, mi naogopaka hiyo neno kuliko ugonjwa."

Nikaapa kwa Mungu. Akasema na yule daktari wa baba aliapa. Nikamwonyesha ujumbe wa maabara kwenye simu, akasema hajui Kifaransa cha hospitali, na simu inabeba chochote. Nikamweleza juu ya hadithi, lini niliiandika, nikiwa kwenye foleni gani. Akanipiga bega, akaniambia nisijilaumu, nilichagua njia nzuri. Kila nilichosema kilizidi kumhakikishia. Nilikuwa na habari njema kuliko zote nilizowahi kubeba, na hakuna habari njema aliyowahi kupewa na daktari ambayo haikuishia makaburini. Baharia mmoja akapiga filimbi, akamwita apande. Baba mdogo akainama kuchukua begi.

Ndipo nikapandwa na hasira. Sikuipanga. Hofu yangu huwa inageuka hivyo ikikosa pa kwenda. Mume wangu anaijua vizuri. Nikalivuta lile begi mkononi mwake.

"We muzee huna adabu!" Nilipiga kelele, makuli wakasimama na magunia vichwani. "Unamwacha mke wako anachambua mchele pale, hata hujamuaga kama mutu! Unagawa spana kama wewe ni tajiri! Kila asubuhi utakuja zahanati, miezi sita, utameza dawa mbele ya muuguzi, mdomo wazi tuone umemeza. Ukiruka siku moja nitakuja gereji nikuaibishe mbele ya wateja. Mkojo utakuwa mwekundu, usinipigie simu kunilalamikia. Tumbo litakuchafuka, usinilalamikie. Jumatatu unaleta mama mudogo apimwe, na kila anayelala nyumba ile, sitaki kusikia yuko na kazi. Na hizo sigara unazovutia nyuma ya gari bovu ukidhani hatukuoni, mwisho leo!"

Nilikosa pumzi. Nilikuwa nimemtukana mtu aliyesimamia ndoa yangu, mchana kweupe, mbele ya bandari nzima. Alinikodolea macho, mdomo wazi. Hakuna aliyewahi kumsemesha hivyo, na mimi hata baba yangu sikuwahi kumpandishia sauti. Kwetu mtu anayekufa huletewa soda, hakaripiwi. Polepole tabasamu lile la upole, ambalo lilikuwa limenitia uchungu kuliko maneno yake yote, likamtoka usoni. Ukaja uso wa kisirani, wa mtu aliyeonewa.

"Miezi sita?" alisema. "Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Na gereji nani atafungua?"

"Sijui. Utajua mwenyewe."

Akasonya. Akaishika shingo, akaiminya ile tezi kama anayeipima upya. Baharia akaita tena kutoka juu ya meli, na yeye bila kugeuka akampungia mkono aondoke. Kisha akanisogelea, akashusha sauti wale makuli wasisikie.

"Hiyo dawa," aliniuliza, "inakatazaka pilipili?"

Nikakaa kwenye kile chuma cha kufungia kamba, na koti langu jeupe, nikalia kwa sauti, huku yeye amesimama juu yangu akisubiri jibu.